Nikiingia zahanati, naanzia stoo

Kitu cha kwanza ninachoomba nikifika kwenye zahanati yoyote ni leja ya stoo. Wenyeji hupenda kunipeleka kwanza chumba cha sindano, maana ndicho kilichodekiwa asubuhi hiyo kwa ajili ya mgeni. Nawaambia nitakiona baadaye, hakikimbii.

Kwenye leja natafuta kurasa mbili. Ule wa dawa za sindano: PPF, kristapeni, jentamisini, artesuneti. Na ule wa mabomba. Najumlisha vilivyotoka kwa miezi mitatu. Tuseme dawa zilizotoka zinatosha kuchoma sindano 600, na mabomba yaliyotoka ni 250. Hapo sina haja ya kumtega mtu kwa maswali. Sindano 350 zimechomwa kwa kitu fulani, na kitu hicho hakikutoka kwenye stoo ile. Pengine wagonjwa walitumwa dukani wakajinunulia, na hilo hutokea sana. Pengine sivyo.

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa mkoani Kagera: kwanza zahanati ya kijijini, kisha hospitali ya wilaya, mwishoni uratibu wa chanjo hadi nilipostaafu, na bado huitwa mara mojamoja kusaidia usimamizi. Mafunzo ya sindano salama niliyohudhuria siwezi kuyahesabu. Karibu yote yalitufundisha namna ya kulishika bomba. Machache sana yalituuliza mabomba yenyewe yanatoka wapi na yanaisha lini.

Nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 80, mabomba yalikuwa ya kioo. Zahanati ilikuwa nayo machache sana, na aliyeyatunza alikuwa dresa mmoja mzee aliyekuwa pale kabla ya mganga, kabla yangu, na nadhani hata kabla ya bati la paa. Alikuwa na sufuria yake, stovu ya mafuta ya taa, koleo, na jiwe dogo la kunolea ncha za sindano zilizokuwa butu. Asubuhi anachemsha, saa nne anachemsha tena, na foleni ikizidi anachemsha huku wagonjwa wamemsimamia. Mtu asiyemjua angesema ni mzembe, kumbe alikuwa mtu makini kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Shida ilikuwa mafuta. Mwanzo wa mwezi alichemsha kwa dakika 20, saa iko mbele yake mezani. Mwisho wa mwezi, dumu likiwa karibu kukauka, ilikuwa maji yakitokota tu basi, yameshachemka hayo.

Hata zile dakika 20 zenyewe zilikuwa na kasoro. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini wapo wenye magamba magumu wanaostahimili maji yanayotokota, na majipu ya sindano hayakutuishia. Isitoshe, kwenye miinuko ya Karagwe maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 100, kwa sababu ya kimo cha nchi. Hilo hatukuliwaza kabisa. Sufuria ilipotoa povu tuliridhika.

Chumba cha pili, mlango wa jirani tu, mambo yalikuwa mengine kabisa. Hicho kilikuwa chumba cha chanjo. Mpango wa chanjo wa taifa ulikuwepo tangu 1975, na ulikuwa na wafadhili na ratiba yake. Kulikuwa na prisha ya kusafishia vyombo kwa mvuke, na mabomba ya plastiki ngumu yaliyotengenezwa ili yastahimili kusafishwa hivyo mara nyingi. Joto lilitakiwa lifike nyuzi 121 hadi 126 na kukaa hapo dakika 20. Ndani tuliweka kikaratasi chenye doa linalobadilika rangi, na doa lisipobadilika, kazi inarudiwa. Kila mtoto sindano yake na bomba lake. Dada wa kliniki ya mama na mtoto alikuwa mkali: mtoto wa mwisho hata akiwa wa mjumbe, kama vyombo safi vimekwisha, arudi kesho.

Jengo moja, vyumba viwili, sheria mbili. Mtoto yuleyule aliyechanjwa asubuhi kwa bomba lililopita kwenye mvuke, mchana akishikwa na homa alirudi akachomwa klorokwini kwa bomba la sufuria. Hakuna aliyeona ajabu. Miaka mingi baadaye, kufikia 2000, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nchi zinazoendelea na zile zilizo katika mpito zilikuwa zikichoma sindano bilioni 16 kwa mwaka, na za chanjo hazikuzidi sana asilimia 5. Nyingine karibu zote zilikuwa za tiba. Tulikuwa tumetia kufuli kwenye dirisha dogo, mlango mkubwa ukabaki wazi.

Na huu ulikuwa mkoa wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini walitoka kwetu, 1983, na wakati huo ugonjwa ulikuwa bado unaitwa Juliana. Nilipofika kazini, migomba mingi ilikuwa tayari na makaburi mapya chini yake, na watu walikuwa wameanza kuiogopa sindano yetu. Niseme vizuri: hawakuiogopa sindano, waliogopa sindano *yetu*. Sindano kama sindano waliipenda mno. Kwa hiyo walifanya lile ambalo mtu mwenye akili angelifanya, wakanunua za kwao. Mabomba ya plastiki ya kutumia mara moja yalikuwa yameanza kuonekana madukani, mengine yakivuka mpaka kutoka Uganda kupitia Mutukula. Mama anafika na mgonjwa wake, anafungua pindo la khanga, anatoa bomba.

"Hili umelinunua lini, mama?"

"Ni la nyumbani hilo, sista. Hajawahi kulitumia mtu wa nje."

Mtu wa nje. Wa ndani walikuwa baba, watoto wote, bibi mkubwa, na kijana aliyekuja kutoka Mwanza akiwa mgonjwa. Linaoshwa kwa maji ya moto, linafungwa kwenye kitambaa, linarudishwa juu ya kabati. Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa yaleyale: watafiti waliopita vijijini Uganda katika miaka ya 90 walikuta kaya nyingi zina bomba na sindano zake, kwa sababu watu walikuwa wamepoteza imani na hospitali za serikali.

Wenzangu wengi walimcheka mama wa namna ile, wakamwita mshamba. Mimi sikuweza kumcheka. Alikuwa amefanya hesabu yake: zahanati ina mabomba machache, foleni ni ndefu, na hajui aliyetangulia ni nani. Hesabu ilikuwa sahihi. Jibu lake ndilo lilikuwa na hatari nyingine ndani yake. Siku ile tulikuwa na mabomba mapya, nikalifungua moja mbele ya macho yake, akaridhika, lile la nyumbani akaniachia. Ingekuwa wiki ya mwisho wa mwezi, ningemfungulia nini?

Nilipokwenda kujiendeleza kimasomo, mkufunzi alitusimulia habari za Yambuku. Ni hospitali ya misheni kaskazini mwa Zaire, Kongo ya leo, ambako 1976 Ebola ilijulikana kwa mara ya kwanza pamoja na mlipuko wa upande wa Sudan. Waliougua kule Yambuku ni 318, wakafa 280. Darasa lilishikwa na hofu ya kirusi: kinatoka wapi, kinauaje, kinaweza kufika Bukoba? Mimi nilibaki na jambo moja alilolitaja kwa kupita tu. Kila asubuhi wauguzi wa pale walipewa mabomba 5. Matano kwa wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi, na kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwenye maji ya vuguvugu.

Nilimfikiria aliyekuwa akiyahesabu yale matano kila asubuhi na kuyakabidhi. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Aliyapata matano, akagawa matano. Kirusi kikali namna ile kilihitaji njia, na njia ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye daftari la stoo kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Tangu siku hiyo nikisoma habari ya maambukizi ya sindano mahali popote, natafuta kwanza idadi ya mabomba.

Mfano wa Misri ni mkubwa zaidi, na unauma kwa sababu nia ilikuwa njema. Kuanzia miaka ya 50 hadi mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ya kule ilipambana na kichocho kwa kampeni za kuchoma watu sindano nyingi mfululizo, kwa mabomba ya kioo yasiyosafishwa ipasavyo kati ya mtu na mtu. Kichocho kilipungua. Homa ya ini aina ya C ikaingia kwa mamilioni, Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya kuliko zote duniani, hata 2018 ikabidi waanzishe upimaji wa nchi nzima. Ninachopenda kuwakumbusha vijana ni kilichofunga njia ile. Ilikuwa ni kidonge. Prazikwanteli ilipokuja, dawa ya kichocho ikawa ya kumeza, bomba likaondoka lenyewe kwenye kampeni. Hilo nitalirudia.

Mabomba yanayojifunga tulianza kuyaona kwenye chanjo. 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa 2003 huduma za chanjo za nchi zote zitumie mabomba hayo peke yake. Kwetu yalishika kasi wakati tulipopokea chanjo iliyochanganywa na kinga ya homa ya ini B, 2002. Ukilisukuma hadi mwisho, kuna kibanio cha chuma ndani yake kinachong'ang'ania, na hulivuti tena hata ukilipiga nyundo. Wauguzi wakongwe waliyachukia. Tulifundishwa tangu shuleni kuvuta hewa kwanza, kuiingiza kwenye kichupa, ndipo dawa ije kwa urahisi. Ukifanya hivyo na bomba hili, limejifunga tayari, dawa hujaivuta. Siku za mwanzo kikapu kilijaa mabomba yaliyokufa bila kumgusa mtoto. Nesi mmoja alinijia na matatu mkononi, "Mama, haya ni mabovu, warudishiwe wenyewe."

Hayakuwa mabovu, na baada ya muda mikono ilizoea. Lakini kilichonivutia mimi hakikuwa kile kibanio cha chuma. Kilikuwa utaratibu uliokuja nacho: chanjo haitoki ghala la mkoa bila mabomba yake, na mabomba hayatoki bila masanduku ya kutupia. Vitatu kwa pamoja, kwenye hati moja, kwenye gari moja. Hesabu tuliyofundishwa ni rahisi, naikumbuka hadi leo. Dozi unazotarajia kuchoma, zidisha kwa 1.11 upate mabomba, maana lazima mengine yaharibike. Jumla ya mabomba gawanya kwa 100, zidisha tena kwa 1.11, upate masanduku. Mtu wa darasa la saba anaiweza. Kwa mara ya kwanza nilifanya kazi mahali ambapo haiwezekani dawa kuwepo na bomba kukosekana.

Na chumba cha tiba? Kikabaki nyuma. Si kwamba hatukuwa na mabomba ya kutumia mara moja. Kufikia hapo sufuria na stovu zilikuwa zimekwisha kupumzika. Lakini dawa ziliagizwa kwa hesabu yake na mabomba kwa hesabu yake, fomu tofauti, mara nyingine hata mwezi tofauti. Oda ikipunguzwa bajeti, hakuna mtu makao makuu anayekata kwinini. Wanakata "vifaa". Bomba ni kifaa. Kwa hiyo mwisho wa robo mwaka unakuta kabati lina dawa za sindano za kutosha, mabomba hakuna, na mgonjwa amelala kwenye benchi ana nyuzi 40. Mwambie muuguzi wa zamu kwamba ni marufuku kutumia bomba mara mbili. Anajua. Bango lipo nyuma ya kichwa chake.

Kuna ujanja mmoja wa wakati wa uhaba ambao nawaonya wasimamizi wauangalie, maana hauonekani kirahisi. Muuguzi anabadilisha ncha, bomba linabaki lilelile. Mgonjwa anaona sindano mpya imefunguliwa kwenye karatasi yake, anaridhika, na muuguzi mwenyewe anaamini amefanya jambo la salama. Lakini ukichoma na kuachia pistoni, damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi ndani ya bomba. Ndugu yake ujanja huu ni kuacha sindano moja imechomekwa juu ya kizibo cha kichupa kikubwa ili kila anayekuja avutie hapo. Bomba lililotumika likigusa hapo mara moja tu, kichupa kizima kimeharibika. Kwenye leja dalili yake ni hii: ncha za sindano zinaisha haraka kuliko mabomba.

Narudi kwenye kidonge. Nusu ya shida ya mabomba ilikuwa ni kwamba tulichoma sindano zisizo na sababu. Na hapa siwabebeshi wagonjwa peke yao, ingawa walikuwa wakali. Mtu ametembea saa mbili, umempa vidonge kwenye kipande cha gazeti, anakuangalia kana kwamba umemtukana.

"Nimekuja hospitali, sista, vidonge hata dukani vipo."

"Vidonge hivi vitakuponya, baba. Dawa ni ileile."

"Basi nichome hata moja tu, nipate nguvu ya kurudi."

Mabishano hayo niliyashindwa mara nyingi kuliko nilivyoyashinda. Na jirani kulikuwa na duka la dawa baridi ambalo lingemchoma bila swali, kwa pesa, kwa bomba ambalo Mungu peke yake anajua lilikotoka. Utaratibu wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia Ruvuma 2003 kisha ukasambaa mikoa mingine, ulisaidia kwa sehemu: muuzaji amefundishwa, duka limesajiliwa, na kuchoma sindano si kazi yake. Nasema kwa sehemu kwa sababu nimewahi kuingia dukani nikaona pazia, na nyuma ya pazia kitanda.

Kilichopunguza sindano kwetu kwa kweli hakikuwa mahubiri. Dawa mseto ya malaria ilipoingia 2006 na kuendelea, tukawa na kitu cha kumeza kinachoshusha homa kwa siku moja mbili. Mzazi alijionea mwenyewe. Tukaweka desturi ya kumpa mtoto dozi ya kwanza palepale mbele ya mama, na kikombe cha maji, tukamtazama kama atatapika. Tendo hilo dogo lilichukua nafasi ya ile sherehe ya sindano: nesi amenigusa, dawa imeingia mwilini mbele yangu. Kisha vikaja vipimo vya haraka vya malaria, ikawa homa isiyo malaria haipewi kwinini kwa kubahatisha. Kwenye leja ukurasa wa kwinini ulianza kuwa na mistari michache, na mabomba yakaanza kufika mwisho wa robo. Hakuna semina iliyofanyika. Hakuna aliyelipwa posho.

Na wale watoto waliokuwa wakichomwa kwinini matakoni, naomba niwataje pia, kwa sababu mazungumzo ya sindano salama huishia kwenye UKIMWI na homa ya ini. Sindano ikikosea njia ikagusa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita pale, mguu unalegea, kisigino hakishuki vizuri, mtoto anaburuza. Tulikuwa nao kijijini. Watu walisema wamerogwa, au polio. Paja, kwa upande wa nje, ndipo mahali pa mtoto mdogo, na kwa hilo bango la ukutani lilikuwa sahihi.

Takataka. Hapa naweza kuandika hadi kesho, nitajizuia. Sefti boksi, lile sanduku la karatasi ngumu la njano, linajengwa kwa kukunjwa, linajazwa robo tatu, linafungwa, linachomwa. Maelekezo mafupi. Nimeona yamejazwa hadi ncha zinatoboa ubavuni, nimeona yanatumika kuhifadhia fomu kwa sababu ni imara, na nimeona yanamwagwa ili yatumike tena. Hilo la mwisho linatisha kuliko yote, na chanzo chake ni kilekile: masanduku hayakuagizwa kwa hesabu ya mabomba. Kule shimoni, watoto wa shule walikuwa wakiokota mabomba na kurushiana maji. Baadaye tukajengewa kichomea taka cha matofali, cha mfano ule ulioanzia Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza. Ni kizuri kikipashwa moto kwanza kwa kuni kavu. Wakikiwasha kikiwa baridi na kukisukumia kondo la nyuma la uzazi, kinatoa moshi mweusi kijiji kizima kikakohoa, halafu kinapasuka.

Anayechomwa zaidi na takataka hizo si nesi. Ni yule anayebeba mfuko. Mahali fulani, sitapataja, dada wa usafi alichomwa na sindano iliyokuwa imetupwa kwenye kapu la kawaida la taka. Akafunga kidole kwa kitambaa akaendelea kudeki, kwa sababu hakuajiriwa na hospitali, aliajiriwa na mkandarasi, na alidhani dawa za kinga ni za watumishi. Nilisikia siku hiyohiyo kwa bahati tu, kwa maneno ya chai. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha zimezwe siku 28. Alianza jioni ile. Cha ajabu, kila mtu aliulizia VVU na hakuna aliyeulizia homa ya ini B, wakati kwa mtu asiye na kinga sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B inaweza kumwambukiza hadi mara 30 kati ya 100, ya homa ya ini C kama mara 2 au 3, na ya VVU kama mara 3 kati ya 1,000. Kirusi cha B kinaweza kukaa siku 7 juu ya kitu kikavu bado kikiwa hai. Chanjo yake ipo, na ilikuwa kwenye jokofu langu kwa ajili ya watoto. Watu wazima waliobeba mabomba ya watoto hao hawakuwa wamechanjwa.

Mara kwa mara nakutana na kijana aliyehitimu juzi anayeamini kwamba haya yote ni hadithi za bibi. Namtajia Roka, kijiji cha Kambodia, ambako mwishoni mwa 2014 watu zaidi ya 200 waligundulika na VVU, na mtabibu asiye na leseni akakutwa na hatia ya kurudia sindano. Namtajia Ratodero, Pakistani, 2019, mamia ya watu, wengi wao watoto wadogo ambao mama zao hawana virusi. Miaka hiyo mabomba ya plastiki yalikuwa yametapakaa dunia nzima, bei ya chini kabisa.

2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwingine, safari hii wa sindano zote, za tiba pia: nchi zihamie kwenye mabomba yasiyoweza kurudiwa ifikapo 2020. Kwa ukubwa wa mililita 2 na 5 kwetu mambo yamesogea. Ninachogombana nacho sasa ni bomba la mililita 10. Mwongozo unaruhusu mabomba ya kawaida pale ambapo kujifunga kungeharibu kazi, na ni sawa, kuna kazi za hivyo. Ila wodini nalikuta kwenye toroli, limebandikwa plasta imeandikwa "kuchanganyia", tangu zamu ya usiku. Linachanganya artesuneti ya huyu, kristapeni ya yule, na saa nyingine linasukuma maji kwenye kanyula, ule mrija wa mshipani, ya mgonjwa wa tatu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Niliomba leja. Mabomba ya mililita 10 yaliagizwa mara ya mwisho robo ya kwanza ya mwaka, na oda ikapunguzwa. Mfamasia akaniambia kwa heshima zote, "Mama, hilo halimchomi mgonjwa, linachanganya tu, haliko kwenye hesabu ya sindano." Nikamwambia aliingize kwenye hesabu, kwa 1.11 ileile. Akasema fomu haina nafasi. Nikamwomba kalamu, nikapiga mstari chini ya fomu, nikaandika. Oda hiyo bado haijarudi.